Gari Lililokula Zizi

Kashojwa, kijiji cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, hakuna gereji wala lami, na mvua ikinyesha hata bodaboda hufikiri mara mbili kabla ya kutoka. Huko ndiko liliko gari la mzee Semahoro: jeusi, refu, la Kijerumani, silinda nane, viti vya ngozi vinavyopasha moto makalio ya mtu kwa kubonyeza kitufe. Limefunikwa turubai jeupe la msaada lililokazwa kwa kamba. Waliolitengeneza walikusudia likimbie kilomita mia mbili na hamsini kwa saa. Kwa njia za Kashojwa linakwenda ishirini, na kwa mwendo huo huo wa konokono linakunywa petroli kama limetumwa.

Semahoro hakulinunua. Hilo lisemwe mapema, maana wapo watu kijiji cha jirani cha Misiera wanaoamini mpaka leo kwamba mzee alikuja na dhahabu ndani ya viatu. Dhahabu gani! Mzee huyu hajawahi hata kumiliki baiskeli. Ni mfugaji wa Kinyamulenge, mtu wa milima ya Kivu ya Kusini, Kongo, umri wake miaka sitini na miwili, mpole kupita kiasi, na upole wake ndio uliomponza.

Alifika Nakivale na mkewe Mukarukundo na binti yao Uwitonze, bila ng'ombe hata mmoja. Kwa mtu wa kwao, kufika bila ng'ombe ni kufika nusu. Alichunga ng'ombe wa wenyeji, Wanyankole, miaka tisa kwa ujira wa ndama, akavumilia jua na matusi, mpaka akawa na ng'ombe wanne wa kwake. Mkubwa wao alikuwa Gaju, wa rangi ya udongo uliolowa, pembe ndefu, mwenye kujua jina lake. Uwitonze aliolewa akaenda zake. Wazee wakabaki na Gaju na wenzake. Asubuhi Mukarukundo alikamua, wakanywa, na yaliyobaki yakaenda kwenye vibanda vya chai vya Misiera. Posho ya msaada ilikuwa inapungua kila mwaka, lakini maziwa yaliendesha nyumba, na wazee hawakuwa na wasiwasi mkubwa.

Sasa sikiliza habari ya deni la heshima, maana bila hilo utamwona Semahoro mjinga, na mjinga siye. Zamani, kabla vita havijawatawanya, alimpa rafiki yake Musoni mtamba. Kwao, mtu akikupa ng'ombe mmekuwa zaidi ya ndugu. Utaapa kwa jina lake. Akija kwako na shida humwambii hapana, na wewe ukienda kwake hakwambii hapana. Siku moja utamrudishia ndama kwa shukrani. Na ng'ombe uliyepewa humuuzi kabla aliyekupa hajaambiwa, tena haambiwi ovyo ovyo; unatafuta mtu wa katikati mwenye ulimi laini akuanzie maneno.

Musoni alifia njiani hajarudisha ndama. Mwanawe Mihigo alilelewa hapo hapo Kashojwa, akila kwenye chungu cha Mukarukundo, mpaka jina lake lilipotoka kwenye orodha ya wanaohamishiwa ng'ambo, akaenda Amerika. Huko anakata kuku kiwandani. Mwaka jana mwezi wa nane alirudi kwa harusi ya mdogo wake, na siku ya harusi, mbele ya kanisa lao Misiera, kwaya ikiwa imesimama na wachungaji wamekaa kwenye viti vya plastiki, likaingia lile gari na utepe mwekundu usoni.

Mihigo akapiga goti mbele ya Semahoro.

"Baba, mulipatia baba yangu ngombe. Baba alikufa hajarudisha. Leo mimi narudisha. Ngombe yenu ni hii."

Vigelegele! Wamama walilia. Wazee wawili wakasimama wakalisifia gari kwa majina ya sifa, kama wanavyosifiwa ng'ombe siku ya kukabidhiwa. Semahoro naye akainua mikono juu kama pembe, akazunguka gari polepole, akalipokea. Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na hakuna aliyeliona. Angelipokea kama gari, angeliuza Jumatatu. Alilipokea kama ng'ombe.

Siku ya tatu Mihigo akapanda ndege.

Dereva alipatikana upesi. Vénant, Mrundi mwenye bodaboda pale Misiera, alikuwa dereva wa teksi Bujumbura enzi za amani, na alipoliona gari lile mkono ulimwasha. Alikubali kuendesha bure, kwa raha tu ya kushika usukani. Wakaenda mjini Mbarara kukata bima, kilomita kama sitini, wamejaza petroli ya shilingi elfu hamsini, na Mukarukundo kiti cha nyuma na kitenge chake kipya.

Kufika Kabingo, bado wako njiani, taa ya manjano ikawaka.

"Hii taa inasema nini?" Semahoro akauliza.

"Inasema ina njaa, mzee."

"Si tumeipa kula asubuhi?"

Vénant akamwonyesha kioo kidogo nyuma ya usukani, penye tarakimu zinazopanda na kushuka. "Ona hapa. Lita ishirini kwa kilomita mia. Hii moteur ni kubwa, mzee, na njia ni ya mawe, tunaenda na gia ya chini. Kwenye lami ya Ulaya ingekunywa nusu."

"Na pikipiki yako?"

"Lita mbili. Mbili na nusu nikibeba mtu mnene."

Mukarukundo alicheka kwa nyuma. Kilikuwa kicheko chake cha mwisho ndani ya gari hilo.

Kwenye kituo cha mafuta Mbarara, mhudumu alilizunguka mara mbili kabla ya kushika mpira wa petroli. "Mzee, hii haikule mafuta ya kawaida. Inataka ile ya bei ya juu. Ukiweka ya kawaida injini inakohoa." Kisha akatazama viatu vya mzee, vile vya plastiki, akatazama tena gari. "Kumbe nyinyi wakimbizi muko na pesa, bwana!"

Kwenda na kurudi, lita ishirini na nne. Semahoro hajui hesabu za shule lakini hesabu ya maziwa anaijua usingizini: safari moja ya Mbarara ilikuwa imekunywa maziwa ya siku nane. Njia nzima ya kurudi vidole vyake vilicheza na ufunguo wa gari usio na meno.

Ungedhani dawa ni kuliegesha tu. Hivyo ndivyo alivyodhani hata yeye. Akalifunika turubai, akalitembelea asubuhi na jioni kama mgonjwa. Baada ya wiki tatu betri ikafa, na panya walikuwa wamekula nyaya, maana inaonekana Wajerumani hufunika nyaya zao kwa kitu kitamu. Fundi akaletwa kutoka Mbarara, jina lake Kabanda, mtu wa maneno machache na bili ndefu. Kabanda akasema gari la namna hii likisimama linaharibika na likitembea linaharibika, ila likitembea angalau utaliona linavyoharibika.

"Matairi haya nayo," akasema, akiyapiga teke, "membamba kama mkanda. Hii njia yenu itayakata."

Njia ikayakata mwezi uo huo, mawili kwa mpigo, karibu na Kabingo. Ng'ombe wa kwanza akaenda sokoni kwa ajili ya matairi na betri. Alikuwa ndama dume tu, mzee akajipa moyo.

Wa pili alikwenda asubuhi moja walipoamka wakakuta gari limelala kifudifudi, tumbo linagusa udongo, kama ngamia. Semahoro alidhani limekufa. Kabanda akaingia chini, akatoka na vumbi kwenye kope. "Hapa hakuna springi ya chuma, mzee. Iko mifuko ya hewa. Imepasuka yote mbili ya mbele." Mifuko ya hewa! Mtamba mzima, mwenye mimba ya kwanza, akageuka mifuko miwili ya hewa, tena iliyokwisha kutumika.

Huko Amerika Mihigo hakujua lolote. Alipiga simu kila Jumapili. "Ngombe iko muzima, baba?" Na Semahoro alijibu kwamba iko nzima, yaani hakudanganya sana, maana wakati ule ilikuwa imesimama. Furaha ya kijana yule ilikuwa kubwa kiasi kwamba kuikata kungekuwa kama kumnyang'anya mtoto uji. Tena alikuwa akiwaambia watu: nendeni kwa baba, ana gari, awabebee bibi harusi. Na watu walikwenda. Wikendi baada ya wikendi, maharusi wa Kashojwa, wa Misiera, wa Base Camp, wakaingia kanisani kwa silinda nane.

Vénant ndiye aliyeona mlango wa kutokea. "Mzee, wape bei. Laki tatu kwa siku, na essence ya kujaza juu yao. Wanaoa mara moja, watalipa."

"Hapana. Ngombe ya kununua, maziwa yake naweza kuuza. Ngombe ya kupewa, maziwa yake ni ya batu. Jirani akikuya na kikombe, utamuambia alete pesa kwanza?"

"Lakini hii si ngombe, mzee."

"Nilipokea nini siku ile? Wewe haukuwa pale?"

Vénant alikuwepo. Tena na yeye ni Mrundi, ng'ombe wa kupewa anamjua kwa mila zake. Akaendelea kuendesha, akijifunza kuzima kiyoyozi, kuteremka miteremko kwa kubembea bila gia, kukanyaga mafuta kwa ncha ya kidole gumba, akimwomba Mama Maria zile tarakimu za kwenye kioo zishuke kidogo. Zilishuka kutoka ishirini hadi kumi na saba. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Vénant peke yake alijua mzee alikuwa anaendesha harusi za watu kwa damu ya zizi lake.

Ng'ombe wa tatu hakwenda kwa mara moja. Alikwenda kwa vipande: harusi hii, harusi ile, kisha oili, maana oili ya gari hili ni lita tisa za aina moja tu, na kwa bei ya lita moja ungenunua nusu ya mbuzi. Siku alipouzwa, pesa zake zilikuwa zimekwisha liwa zamani.

Na kabla hilo halijapoa, wakaja watu wa kuandika upya majina ya wanaostahili posho. Mwanamke mmoja, Mganda mwenye heshima zake, alisimama mbele ya turubai, upepo ukalipeperusha kona, taa mbili za mbele zikamkodolea macho.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yangu, mama. Lakini ni ya kupewa."

"Mzee, mtu iko na gari kama hii, anataka posho ya nini?"

Semahoro alijaribu kueleza. Alianza na Musoni, akaingia kwenye mtamba, akafika kwenye vita, na kabla hajavuka mpaka mwanamke alikuwa ameshaandika na kuhamia nyumba ya pili. Mwezi uliofuata jina lake halikusomwa. Ng'ombe wa maskini hazai, wasema wahenga. Huyu wa Semahoro hakuzaa, na alikuwa amewala wanaozaa.

Akabaki Gaju peke yake. Lita sita kwa siku: mbili za kunywa, nne za kuuza. Zaidi ya hizo lita sita hapakuwa na unga, hapakuwa na sabuni, hapakuwa na kitu.

"Baba Uwitonze," Mukarukundo alisema asubuhi moja, anakamua, uso ameuficha ubavuni mwa ng'ombe, "huyu akienda, sisi tunakula nini?"

"Huyu haendi."

"Hata wale batatu ulisema vile."

"Huyu haendi, Mama Uwitonze. Nitamutuma Vénant aseme na Mihigo. Gari iuzwe."

Ilimchukua siku nne kulitamka neno hilo mbele ya Vénant, na Vénant alikubali kuwa mtu wa katikati kwa sharti moja: waongee kwa simu yenye sauti wazi, mzee asikie mwenyewe kwamba hakuna lililoongezwa wala kupunguzwa. Jumapili wakakaa sebuleni, simu katikati ya meza juu ya kitambaa cha kufuma, Mukarukundo kwenye mkeka.

Vénant alianza kwa ustadi, namshuhudia. Aliuliza habari za Amerika, za baridi, za kuku. Kisha akasafisha koo. "Sasa Mihigo, ndugu yangu. Ile ngombe uliyotoa ni nzuri. Hakuna mtu hajaisifu. Lakini kuna ngombe zingine, majani ya hapa haziyawezi. Zinataka majani ya mbali..."

"Vénant, baba iko hapo?" Sauti ya Mihigo ilikuwa nyembamba. Alikuwa hasikii habari za majani. "Ananisikia?"

"Nakusikia, mutoto wangu," akasema Semahoro.

"Baba, munisamehe. Ile gari, sikumaliza kulipa. Nilitoa nusu pale ku yadi ya Kampala, ingine nikasema nitakuwa natuma kila mwezi. Kadi ya gari iko kwao. Sasa fabrike ya kuku imetupunguzia masaa, miezi tatu sijatuma kitu. Banasema Ijumaa banakuya kuibeba."

Nje kuku alikuwa akiparua.

"Bakiibeba mbele ya batu, baba, mimi nitakuwa muntu gani? Batasema mutoto wa Musoni alirudisha ngombe ya kukopa. Hata baba yangu kule kaburini fasi yake itakuwa ya aibu." Alikuwa analia sasa, mwanaume mzima huko aliko. "Munisaidie na ngombe moja tu, baba. Miezi tatu hiyo itatoka. Zile ngombe nne munazo, nikiomba moja haitaonekana."

Vénant akainamisha kichwa. Mukarukundo alikuwa ameinua uso wake, anamtazama mumewe, na midomo yake ilisema bila sauti: muambie. Kisha akasema kwa sauti kabisa, ndogo lakini ya kusikika chumbani, "Muambie, Baba Uwitonze."

Semahoro alifungua mdomo. Nami nasema, maneno yalikuwepo. Alikuwa ameyapanga siku nne: ngombe iko moja, mutoto wangu, zingine zimeliwa na hii yako. Yalikuwa maneno machache tu. Lakini aliyekupa ng'ombe alikuwa analia na anaomba, na katika maisha yake yote mzee hakuwahi kuufundisha ulimi wake neno la kujibu hapo. Watu walimfundisha kuchunga, kukamua, kuomba, kuzika. Hilo hakuna aliyemfundisha.

"Nimesikia, mutoto wangu," akasema. "Usilie. Ngombe itapatikana."

Mukarukundo akasimama, akatoka.

Jumatano alfajiri Semahoro alimfungua Gaju. Petroli ya kumpeleka hata Vénant kuangalia bei haikuwepo, kwa hiyo mzee alikwenda kwa miguu, mbele yake ng'ombe, mpaka kwenye mnada upande wa Kabingo, wakafika jua limewiva. Mnunuzi alikuwa mtu wa Mbarara mwenye lori. Alimshika Gaju nundu, akamtazama meno, kisha akamtazama Semahoro usoni, na nadhani huko usoni ndiko alikosoma bei. Mkono mtupu haulambwi. Mzee hakubishana hata kidogo. Pesa zilihesabiwa, zikaingizwa kwenye simu katika kibanda kilichokuwa hapo hapo, zikaenda Kampala kabla Gaju hajapandishwa lorini. Alipopandishwa aligoma kidogo, mzee akamwita jina, na kwa kuwa ilikuwa sauti yake, akapanda.

Ijumaa hakuja mtu wa kubeba gari. Mukarukundo alikuwa amechukua kikombe asubuhi akaenda kwa jirani, na jirani akampa maziwa bila kudai kitu, na yeye akarudi na maziwa hayo akayaweka mezani hayajanywewa mpaka yakaganda. Hakumgombeza mumewe. Angemgombeza ingekuwa nafuu.

Jumapili simu ikalia kama kawaida. Mihigo alikuwa mtu mwingine, sauti imerudi, anacheka. Yadi imemwandikia kwamba wamepokea. Mbele yake bado miezi saba ya kulipa, lakini Mungu ni mwema.

"Baba, mumeniosha uso. Kule Misiera hakuna aliyejua kitu?"

"Hakuna."

"Na gari iko muzima?"

"Iko."

"Sasa sina kitu cha kubapa, baba. Nabaombea tu." Akaanza kuomba papo hapo. "Mungu abazidishie ngombe. Zijae pale nyumbani mpaka zikose fasi ya kulala."

Baraka haikataliwi. Semahoro alivua kofia yake, ingawa hakuna aliyemwona, akaitika, "Amina, mutoto wangu." Akaikata simu vizuri, akaiweka juu ya kitambaa. Kisha akatoka, akapita kando ya turubai bila kulitazama, akaingia ndani ya zizi ambalo sasa hata inzi wamelihama, akasimama katikati, na mzee yule wa miaka sitini na miwili akalia kwa sauti mpaka majirani wakatoka nje kuuliza ni nani aliyefariki.